Daraja Walipokutana Wazazi Wangu

Nilipomwambia mwanangu wa kwanza kwamba nakwenda Iringa kuangalia daraja, aliuliza, "Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Harusi?"

"Hakuna."

Alikuwa na haki ya kushangaa. Nilikuwa nimestaafu uuguzi miezi mitatu iliyopita, na sikuwahi kupanda basi kwa hamu yangu mwenyewe.

Marehemu baba alikuwa utingo wa lori. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, mto Ruaha Mdogo ulifurika ukapita juu ya daraja lililo chini ya mji wa Iringa, magari yakakwama siku tatu. Baba, kijana wa Tukuyu, akawa anakula kwa binti wa Kihehe aliyeuza makande kando ya barabara. Siku ya nne maji yalipungua, lori likavuka bila yeye. Binti huyo ndiye mama yangu. Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi jikoni kwetu Mbalizi, lakini daraja lenyewe sikuwahi kulikanyaga. Mabasi yetu yalipita kwenye daraja jipya, tena kwa kasi.

Nililala gesti, asubuhi nikateremka kwa miguu nikiwa nimevaa sweta. Daraja la zamani nililikuta limeachiwa waenda kwa miguu, baiskeli na bodaboda. Nikatoa simu, nikapiga picha nguzo, mawe na kingo. Halafu nikalipima kwa hatua, nikihesabu kwa sauti.

Akina mama waliokuwa wakiuza mboga pale mwanzo wa daraja wakageuka wote kunitazama. Mmoja akanijia, mikono kiunoni.

"Dada, umetumwa na nani? Kuna mwingine alikuja akapima hivyohivyo. Baada ya wiki mbili meza zetu zikapigwa alama nyekundu, zikavunjwa."

"Sijatumwa na mtu. Baba na mama yangu walikutana hapa."

Wakacheka, wala hawakuniamini. Sikuona sababu ya kuondoka. Nikamwendea bibi aliyekuwa akimenya njegere, mkubwa kuliko wote, nikapiga goti.

"Kamwene, bibi."

Akainua macho. "Kamwene. Kihehe umekitoa wapi?"

"Kwa mama. Aliuza makande hapa, mwaka ule maji yalipopita juu ya daraja."

Bibi akaweka bakuli chini. "Tuliouza tulikuwa wengi, mwanangu. Mama yako simkumbuki, sitakudanganya. Lakini maji yale nayakumbuka."

Akanishika mkono, akanionyesha mteremko malori yalipopangana, na mahali wao wauza makande walipopanga mafiga yao. "Madereva walikuwa na kelele," alisema. "Matingo ndio walikuwa na adabu, maana walikuwa na njaa."

Nilicheka mpaka nikafuta machozi, na safari hii wenzake walicheka pamoja nami. Nikakaa nao kumenya njegere hadi adhuhuri. Yule aliyenishuku ndiye aliyechukua simu yangu na kuniamuru nisimame katikati ya daraja.

"Usisimame kama picha ya kitambulisho!"

Nikaegemea ukingo, nikaweka mkono kiunoni. Bodaboda mbili zilisimama zikingoja tumalize, nami sikuharakisha.