Majivu Kizingitini

Nilipokuwa mtoto wa mwaka wa tatu wa shule ya msingi, huko Masisi, surua haikutajwa jina nyumbani kwetu. Iliitwa mugeni. Ukiitaja inaita wenzake, ndivyo alivyosema koko, mama wa baba yangu, na nani angebishana na koko?

Siku niliyoamka na joto na vipele, alinihamishia kijumba cha nyuma ya migomba, akamwaga majivu kizingitini. "Mwenye atavuka hii majivu," akasema, "mugeni atamufuata kwabo." Yeye mwenyewe aliyavuka kuniletea uji, maana mugeni alishampitia utotoni. Mama hakuwahi kupitiwa na mugeni, akabaki kunipungia mkono kutoka jikoni. Jamani, upweke ule! Kengele ya shule ilinifikia kutoka ng'ambo ya bonde, na kelele za wenzangu wakitoka, nami nalia peke yangu.

Alasiri moja akaja Neema, rafiki yangu wa benchi moja. Koko alikuwa kwenye shamba la maharagwe.

"Nimekuletea kalamu yako. Ntaingia kidogo tu."

"Usivuke!"

"Hakuna mutu anatuona."

Haki ya Mungu, nilitamani aingie. Lakini Neema ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni mdogo wake mchanga kila siku. Nilipoona anainua mguu, nikaokota gunzi la mahindi, nikamrushia.

"Toka! Sikupendi tena!"

Likamgonga shavuni. Akaiweka kalamu chini, akaenda bila kugeuka.

Watoto kadhaa wa shule yetu mugeni aliwachukua. Nyumbani kwa Neema hakuingia. Ila nilipopona na kurudi darasani, upande wake wa benchi ulikuwa mtupu. Risasi zilikuwa zimefika kilimani kwao, wakakimbilia Kitshanga. Sijamwona tena.

Leo mimi ni mwalimu. Mtoto mwenye joto na vipele namrudisha kwao, nawaambia wazazi wampeleke kituo cha afya, na hapo sibembelezeki. Juzi nilimrudisha Zawadi. Baada ya masomo nikamchukua rafiki yake hadi kwa akina Zawadi, nikamketisha juu ya jiwe, mbali na mlango, upande wa pili wa ua. Wakapigiana kelele za mambo ya darasani, wakacheka mpaka Zawadi akachoka.

"Kesho mutarudia?" akauliza.

"Tutarudia."

Nikageuka pembeni nifute macho. Koko alikuwa sahihi, majivu yale yalimwokoa mtoto wa watu. Lakini hata kwetu, mbele ya kile kijumba, palikuwa na jiwe. Ningemwambia Neema akae pale, tuongee.