Kicheko Kilichotoroka Karakanani

Nyumbani walimwita Kipenga, na aliyemsikia akicheka mara moja hakuhitaji kuelezwa sababu. Kicheko chake kilianza kwa kukwamakwama kama pikipiki inayogoma kuwaka: he-he, kimya, he-he-he, kimya tena. Kisha kikawaka. Kilipanda na kupanda, na kule juu pumzi zilipomwishia, kikamalizikia kwa mluzi mwembamba ambao ungeweza kusimamisha mechi uwanjani. Wala hakufanya makusudi. Alizaliwa nacho, kama wengine wanavyozaliwa na vishimo mashavuni.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, fundi makochi katika karakana ya shangazi yake. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu. Sponji zilirundikwa hadi darini, majora ya vitambaa yaliegemea ukuta, na katikati hapakukosa kochi la mtu lililovuliwa nguo, limebaki mbao na springi, likingoja kwa aibu kuvishwa upya. Shangazi alipima na kukata. Kipenga alivuta, akakaza, akapiga pini. Wa tatu alikuwa binamu yake, mtoto wa kiume wa shangazi, kijana wa rika lake. Kazi yake ilikuwa kushona mito, lakini mkono mmoja ukiwa kwenye cherehani, wa pili ulikuwa kwenye simu, na baadhi ya mito yake ilitoka na pembe tano.

Siku mambo yalipoanza, alikuja mteja mmoja, mzee mnene mwenye heshima zake, kukagua kochi lake ambalo lilikuwa bado halijakamilika. Akaambiwa asikae. Akakaa. Springi moja iliyokuwa haijafungwa ikamrusha juu, si mbali sana, lakini kofia yake ilitangulia na ikachelewa kurudi. Mzee akasimama, akajipangusa, akatazama springi ile kama hakimu anayemtazama mshitakiwa, akasema, "Hii ni nzima kabisa."

Kipenga alianguka nyuma ya majora. Pikipiki ikakwama, ikawaka, ikapanda, ikapiga mluzi. Wakati huohuo binamu alikuwa amebonyeza simu yake akirekodi ujumbe wa sauti kwa ndugu, na badala ya maneno yake kikanaswa kicheko kizima, mwanzo mpaka mluzi. Hakukifuta. Alikituma kwenye kundi la familia na kuandika chini yake: "Sikilizeni pikipiki yetu."

Kundi la familia lilikuwa na wajomba wanaotuma picha za maua kila asubuhi, mashemeji wasiosema kitu mwaka mzima, na mabinti wa mama mdogo ambao vidole vyao havitulii. Mmoja wao, na hadi leo hakuna aliyekiri, akakitoa kicheko nje ya ukoo. Huko nje kikapata miguu. Mtu alikibandika kwenye video ya golikipa aliyeudaka mpira akaingia nao wavuni. Mwingine akakibandika kwa paka aliyekosea kuruka, mwingine kwa bwana harusi aliyesahau jina la bibi harusi mbele ya watu. Kila palipokuwa na mtu wa kuaibika, kicheko cha Kipenga kilikuwa pale kikimsubiri.

Mwanzoni Kipenga alifurahi, asikudanganye mtu. Alipita mbele ya kinyozi akajisikia anacheka. Akapita kwenye duka la vipodozi, akajisikia tena. Hakuna aliyemjua. Ilikuwa kama kusikia unasifiwa nawe umejificha chini ya meza.

Utamu ulianza kuisha watu walipokifanya mlio wa simu. Alikuwa akikaza kitambaa kwenye kochi la mteja, mfuko wa mteja ukamcheka. Alikuwa kwenye foleni ya kumwona daktari wa meno, shavu limevimba kama andazi, na kutoka kwenye mkoba wa nesi akasikia sauti yake mwenyewe ikimcheka kwa furaha zote. "Jamani, hata mimi mwenyewe sijionei huruma," alimwambia shangazi yake aliporudi.

Kilichoumaliza kabisa ni msiba wa jirani, mwalimu mstaafu. Watu walikuwa wamekaa kimya uani, na mkwe wa marehemu, mtu mkavu asiyejua mzaha, alikuwa amesimama akisoma wasifu. Alipofika pale pa "alikuwa mtu mpole, asiyependa kelele," simu ikaita ndani ya koti lake. He-he. Kimya. He-he-he.

Mkwe akapapasa mfuko wa kulia, simu iko wa kushoto. Akapapasa wa kushoto, akatoa miwani. Kicheko kikapanda. Watu wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika, na aliyewaona kwa mbali angedhani wanalia. Kipenga, aliyekaa nyuma na shangazi, akajikaza. Akajifinya paja. Akajaza mtandio mdomoni. Lakini mkwe alipoitoa simu hatimaye na kwa haraka zake akaongeza sauti badala ya kuipunguza, mtandio ulitoka. Vicheko vikawa viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, vikafukuzana hadi juu, vikapiga mluzi pamoja.

Uani vichwa vilivyoinama vikainuka. Kisha mjane, bibi mdogo wa umbo aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akageuka na kumnyooshea kidole. "Kumbe ni yule wa kwenye simu! Ndiye huyu!"

Inasemekana mjane mwenyewe alicheka, na alimwambia shangazi baadaye kwamba marehemu angefurahi. Kipenga hakuyasubiri hayo. Alitoka na kiatu kimoja mkononi.

Tangu siku hiyo aliacha kucheka. Si kwamba alinuna. Alijibu, alisalimia, alifanya kazi vizuri tu. Lakini jambo la kuchekesha likitokea alikaza midomo, macho yakamtoka, kisha akameza mate kama anayemeza kidonge kikubwa. Karakana ikapooza. Binamu alijiona ana hatia na kwa mara ya kwanza akashona mito yenye pembe nne mfululizo, jambo lililomtia shangazi wasiwasi zaidi.

Hapo ndipo alipotokea Mng'aro. Huyu alikuwa msichana maarufu mitandaoni, mwenye wafuasi wengi kuliko watu wa mtaa mzima, anayejirekodi mbele ya pazia la rangi ya dhahabu. Alitoa video amekaa kwa madaha, upepeo wa karatasi umemfunika nusu ya uso, na nyuma ya upepeo kile kicheko kikisikika, mabega yake yakienda nacho sawasawa. Watu wakamwuliza, "Kumbe ni wewe?" Naye akawajibu kwa alama ya kukonyeza jicho. Basi, ikawa ni yeye. Akaalikwa redioni. Akaulizwa alianza lini kucheka hivyo.

Binamu aliwasomea habari hiyo wakiwa wanakunywa chai. Kipenga akaweka kikombe chini. "Nilitaka kichukuliwe," alisema polepole. "Lakini sikusema kichukuliwe na mtu." Kisha akaongeza, na uso ukamwiva, "Eti alikirithi kwa nyanya yake! Nyanya yake yupi? Hicho kicheko ni cha baba yangu!"

"Tuingie laivu," binamu akasema. "Ucheke mara moja tu mbele ya watu, tumemaliza."

Ikaonekana rahisi hadi walipojaribu. Binamu aliegemeza simu kwenye kopo la gundi, akabonyeza, akasema, "Haya, cheka." Kipenga akafungua mdomo, kikatoka kikohozi. Akajaribu tena, ikatoka sauti ya mbuzi anayeulizia njia. Binamu akamsimulia vichekesho vyote anavyovijua, na kila alipomaliza kimoja Kipenga alisema, "Hicho nimekielewa," kama mwanafunzi darasani. Wakamkumbusha mzee wa springi, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Watazamaji walioingia wakaanza kuandika maneno ya kejeli. Mmoja aliuliza kama hilo ni tangazo la dawa ya kifua.

"Nipeni mimi niwaeleze kistaarabu," shangazi akasema, akaichukua simu kabla hawajamzuia.

Shangazi alikuwa hajawahi kuingia laivu maishani. Aliishika simu chini ya kidevu kama mtu anayekunywa bakuli la uji, kwa hiyo dunia nzima ikaona matundu mawili ya pua na dari ya sponji. Akakohoa kidogo.

"Hamjambo humo ndani," alianza. "Mimi ni shangazi wa mhusika. Mlioketi mbele, tafadhali wasikilizisheni na walio nyuma."

"Mama, hakuna nyuma," binamu akanong'ona.

"Nyamaza, wageni wanasikia." Akaisogeza simu karibu zaidi, tundu moja la pua likajaza kioo. "Nimekuja kuwaambia kwamba yule mwenye pazia ni mwongo, ingawa pazia lake ni zuri, kitambaa kizito, sema pindo limeshonwa vibaya..." Akasita, akakunja uso. "Mbona huyu anatuma mioyo? Bwana, mimi ni mke wa mtu! Wewe mwenye picha ya simba, nakuona! Toa mioyo yako!"

He-he, ikasikika kutoka nyuma ya kochi. Kimya.

"Anazidi! Analeta na maua! Binti, hebu nitafutie mlango wa kumtolea huyu mtu nje!"

Pikipiki ikawaka. Kipenga alikaa chini sakafuni kati ya vipande vya sponji, machozi yakimtiririka, na kicheko kikatoka chote kilichokuwa kimezuiwa tangu msibani. Kilipanda, kikarudi, kikapanda tena, kikapiga mluzi mara mbili. Shangazi akageuza simu kwa hasira ili kumkemea, na hivyo watu wote wakamwona mwenye kicheko, mtandio umemteleza, pini za kazi zimebanwa kwenye kola, mdomo wazi hadi magego. Hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine. Mwenye picha ya simba aliandika, "Samahani mama," na akatoka.

Kesho yake watu walianza kufika karakanani. Wengine waliomba kupiga naye picha, wengine walisimama tu mlangoni wakimtazama kwa matumaini, kama watu wanaongoja mvua. Shangazi akaweka utaratibu: anayetaka kusikia kicheko ashike sponji upande ule avute. Wengi walichoka haraka. Wachache walirudi na viti vyao vilivyochanika, na kazi ikaongezeka.

Mchana mmoja aliingia msichana mwenye miwani mikubwa ya jua, amebeba stuli ndogo ambayo haikuwa na tatizo lolote la maana. Aliongea na kiganja mbele ya mdomo. Binamu ndiye aliyemtambua kwanza, akabaki anaonyesha kwa mkasi.

"Nimekuja kwa dada hapa," Mng'aro alisema. "Kama unataka kunitukana, nitukane tu. Mtandaoni wameshaanza."

Kipenga alikuwa ameandaa maneno. Alikuwa ameyapanga kwa siku kadhaa, mengine alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya kochi. Lakini msichana aliyesimama pale hakufanana na yule wa kwenye pazia. Alikuwa mfupi, mwenye woga, viatu vimejaa vumbi. "Kaa," akamwambia. "Si hapo! Springi hiyo. Kaa hapa."

Mng'aro akakaa, akavua miwani. Akaeleza kwamba alipokuwa darasa la nne alianguka na baiskeli, meno ya mbele yakavunjika kwa mshazari, na wenzake wakampa jina ambalo hakulitaja. Tangu hapo hakuwahi kucheka mbele ya watu. Kwenye video zake zote midomo ilifungwa. Alipokisikia kile kicheko alikirudia tena na tena chumbani, akiwaza jinsi mtu anavyoweza kucheka hivyo bila kujali. Ile video aliitengeneza kwa kujifurahisha. Watu walipouliza kama ni yeye, ndipo ulimi ulipomkwama.

"Na hiyo ya nyanya?" Kipenga akauliza.

"Mtangazaji alinibana. Nyanya yangu hata kutabasamu hatabasamu."

Kipenga akaimeza hiyo kwa shida. "Kwa hiyo wewe hucheki kabisa? Hata nyumbani?"

"Nyumbani nachekea ndani ya mto."

Kipenga akamkazia macho. "Mto wa maji?"

"Mto wa kulalia!"

Wakatazamana. Kipenga aliuona wazi kabisa, mng'aro na madaha vyote vimezama mtoni, upepeo unaelea juu, na pikipiki ikaanza kukwama. Mng'aro naye akajaribu kujizuia, kiganja kikapaa mdomoni, lakini stuli aliyokuwa ameipakata ikamponyoka, mikono yote miwili ikaikimbilia. Akacheka mdomo wazi. Kilikuwa kicheko kidogo cha puani, kama mtu anayepuliza chai ya moto, na meno yake yaliyokatika kwa mshazari yakaonekana yote. Binamu alishusha mkasi. Shangazi, aliyekuwa akikata kitambaa, aliendelea kukata, ila mstari wake ulipinda.

Jioni ile Mng'aro alijirekodi bila pazia, akasema ukweli, na akasema na meno yake. Alitukanwa, tena sana. Wachache walimtetea, na wengi kati yao walikuwa wasichana walioweka picha za meno yao wenyewe. Kisha akatokea mbuzi mmoja aliyepiga chafya mbele ya mgeni rasmi, na dunia nzima ikahamia kwa mbuzi. Mfuko mmoja baada ya mwingine ukaacha kucheka, ukaanza kupiga chafya. Kipenga alishangaa kujikuta ameumia kidogo. Alikaa na huzuni hiyo mpaka chai ilipoiva, akainywa chai, ikaisha.

Mng'aro aliendelea kufika. Stuli ilishapata kitambaa kipya, cha kijani, na pindo lake alilishona mwenyewe huku shangazi amemsimamia. Alikaa na Kipenga kwenye sponji mpya zilizoletwa asubuhi ile, wakaongea hadi wakati wa kufunga, mambo yao tu, yakiwemo ya kijana fulani ambaye wote wawili walikubaliana kwamba ana masikio makubwa. Hakuna aliyeyarekodi. Simu ya binamu ilikuwa imeisha chaji.