Kula, Njia Bado Ndefu

Sina ugomvi na sinema. Nimezipenda tangu usichana wangu, na bado nikisikia ngoma za mwanzo moyo unanidunda. Ugomvi wangu ni na mtu mmoja huko Mumbai, ambaye alikaa kitini akatafuta jina la sinema yake, na katika maneno yote ya Kimarathi akaona linalomfaa ni Shidori. Jamani, maneno yamekwisha? Angeipa jina la mama yake mzazi, sisi ingetuhusu nini?

Shidori ni sisi. Sisi ndio Chama cha Shidori cha hapa Miraj, jiko liko uchochoroni nyuma ya hospitali, na dirisha letu la buluu liko ndani ya lango, mkabala na wodi ya wanawake. Shidori ni masurufu ya njiani: mkate wa mtama, pilipili ya kusagwa na kitunguu saumu, kitunguu maji kimoja, vyote vimefungwa kwenye kitambaa. Mgonjwa huletewa chakula chake kitandani. Sisi tunawalisha waliomleta, wale wanaolala barazani majuma na majuma, ambao hakuna anayewauliza kama wamekula.

Aliyeanzisha mambo haya ni wifi yangu Shevanta, mke wa marehemu kaka yangu Dagadu. Kaka aliharibika figo, na Shevanta akamleta hapa kutoka kijijini kwetu upande wa Jath, kule kwenye ukame. Siku wanaondoka mama yetu alimfungia masurufu, akamtia mkononi, akamwambia maneno wanayoambiwa wasafiri wote wa kwetu: "Kula, njia bado ndefu." Masurufu yakaisha. Kaka hakupona, wala hakufa upesi. Shevanta akawa anakaa pale barazani anakunywa maji ya bomba, maana aibu ilimzuia kuomba. Siku kaka alipokata roho, Shevanta alianguka mlangoni pa wodi, watu wakasema masikini, huzuni imemzidi.

"Huzuni gani, wifi?" aliniambia baadaye. "Ilikuwa njaa. Nilitaka kulia, nikakosa nguvu za kulilia."

Kijijini hakurudi. Alikodi chumba uchochoroni akaanza kuoka mikate. Mimi nilipochoka na mume wangu, ambaye habari zake nikianza hatutamaliza leo, nikamfuata. Kisha akaja Jainabi, mjane wa fundi wa zeze za sitari, ambaye anaugeuza mkate juu ya moto kwa vidole vitupu na mdomo wake una moto kuliko jiko. Vitambaa tunakata kwenye sari kuukuu. Mtu akishakula hukifua na kukirudisha, na hakuna aliyewahi kutuibia.

Shevanta mwenyewe ni mfupi, sikio moja halisikii vizuri, kwa hiyo anaongea kwa kelele, na ni mbishi mpaka unataka kujitupa kisimani. Ana mazoea yake. Kila anayempa masurufu, lazima amshike mkono na kumwambia, "Kula, mwanangu, njia bado ndefu." Humwambia mkulima, humwambia daktari aliyekuja kutusalimia tu. Nimemsikia akimwambia mbwa.

Basi mvua zinaelekea kuisha, mabango yakabandikwa mjini. SHIDORI, kwa herufi nyekundu, na chini yake mwanamke mzuri ajabu ameshika kifurushi cha kitambaa, anatabasamu. Kwanza tulicheka. Jainabi akasema, "Dada Shevanta, umenenepa tangu upigwe hiyo picha." Kisha simu ya chama ikaanza kulia.

"Haloo, hapo Shidori?"

"Ndiyo, Shidori."

"Onyesho la jioni lina nafasi?"

"Kuna mikate."

"Mikate?"

"Ya mtama."

Akakata. Wakapiga wengine chungu nzima, asubuhi na jioni, mpaka nikawa nikisikia mlio wa ile simu natamani kuitia ndani ya unga. Kijana mmoja wa Solapur aliomba nafasi ya kuigiza. "Mama, mimi maiti naiweza kabisa. Nalala bila kupumua muda mrefu."

"Njoo hapa hospitali," Jainabi akamjibu, "ila ujue washindani ni wengi."

Watu wa sinema nao wakaja wenyewe, vijana wawili wenye miwani myeusi, wanataka tufungie mikate kwenye vitambaa vyenye sura ya yule mwanamke. Shevanta aliwatoa na mwiko. Tukamwendea wakili. Wakili akatuambia kwa upole kwamba shidori ni neno la watu wote, limo hata katika kamusi, na kwamba Satara kuna hoteli inaitwa hivyo, na Kolhapur kuna chama cha wapanda milima, na hao wote hawajalia. Nikamwambia hao wote hawajatiwa sumu kwenye mkate wao.

Maana hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Mwanamke maskini anawaua wabaya wake mmoja baada ya mwingine kwa masurufu: mumewe, shemeji yake, na mkopeshaji aliyechukua shamba lao. Na kila anapokabidhi kifurushi, anatabasamu, anasema taratibu, "Kula, njia bado ndefu."

Ee Mungu wangu Vithoba! Maneno yale yale! Ni maneno ya kila kijiji cha kwetu, sikatai, mwandishi naye ana bibi yake kijijini. Lakini mji mzima ukayashika. Watoto wa shule wanapeana peremende: kula, njia bado ndefu. Muuza mboga anarudisha chenji: njia bado ndefu. Vijana wameyatia kwenye simu zao, simu ikiita yule mwanamke anayasema. Nilikwenda kuiona ili nijue vizuri cha kuchukia. Na nzuri! Hilo ndilo lililoniudhi kupita yote. Mkopeshaji alipofungua lile fundo, nilipiga makofi mpaka bangili ikavunjika.

Sasa angalia dirishani. Alikuja mwanamume wa makamo, mkewe ndiyo kwanza kapasuliwa tumbo, naye mume midomo imemkauka, unaona kabisa huyu hajala. Shevanta akampa kifurushi, akamshika mkono. "Kula, mwanangu, njia bado ndefu."

Nyuma yake kijana mmoja akaangua kicheko. "Kaka, nyumbani umeshaaga?"

Foleni nzima ikacheka. Yule mwanamume akakirudisha kifurushi juu ya kizingiti polepole. "Samahani, mama," alisema. "Nimeshiba."

Nimeshiba! Nilitaka kutoka nimkabe koo yule kijana. Kuanzia hapo mambo yakaharibika. Wengine hawakuja tena. Waliokuja walifungua kitambaa pale pale, wakanusa, wakaangaliana, kisha tukaikuta mikate imetupwa bombani na mbwa wanaigombania. Hakuna hata mmoja aliyeamini kweli kwamba tunatia sumu. Ukimuuliza anakuapia haamini. Lakini mgonjwa wako yuko mle ndani, kifo kinapita mlangoni kila siku, na mtu anakupa mkate kwa maneno ya muuaji. Mwili unakataa wenyewe. Watu wakawa wanashindia chai na biskuti za kibanda cha nje, watu wazima, wakulima, biskuti!

Mmoja tu hakuacha kuja, Bhairu mchunga kondoo, na blanketi lake jeusi begani. Mkewe alikuwa wodini tangu kabla ya mabango. Wenzake wakamuuliza kama haogopi.

"Niogope nini?" akasema huku anatafuna. "Nimekula hapa msimu mzima. Kama ni sumu, basi ni mvivu kuliko mkwe wangu."

Mchunga kondoo mmoja hawezi kuokoa dirisha. Bwana Inamdar, msimamizi wa viwanja vya hospitali, akaja kutuona. Si mtu mbaya, ni mtu wa kupenda pafagiliwe.

"Mama Shevanta, mimi najua hakuna sumu," akaanza. "Lakini mikate inazagaa, mbwa wamejaa, wauguzi wananilalamikia. Badilisheni jina, yaishe."

"Jina letu lilikuwepo kabla hiyo sinema haijatungwa."

"Basi jina libaki. Acha lile neno."

"Neno gani?"

"Unalijua."

"Sikio langu bovu. Litaje."

Hakulitaja. Bwana mzima, na funguo kiunoni, aliogopa kulitaja! Akajikohoza akasema atangoja mpaka sikukuu ya Dasara. Kama hadi hapo hali ni hii, dirisha atampa mtu wa biskuti.

Jioni ile tuligombana jikoni mpaka majirani wakachungulia.

"Wifi, kwani utapungukiwa nini?" nikamwambia. "Toa mkate, funga mdomo. Ni neno tu!"

"Kama ni neno tu, mbona linawatisha?"

"Sema lingine basi," Jainabi akasema. "Sema karibu. Sema bismillahi, mimi nitakusaidia."

"Mkate hata mtu wa biskuti anaweza kutoa," Shevanta akasema. "Pale barazani mimi maji nilikuwa nayo, wifi Malan. Ningeweza hata kuokota makombo. Hakuna mtu aliyenisemesha. Mtu asipoambiwa ale, anasahau kwamba na yeye yupo."

"Sawa! Na hawa wanaosinzia kwa njaa huko nje? Unataka ushinde wewe, au unataka wale?"

 Akaukanda unga wake mpaka mwisho bila kunitazama, na kesho yake dirishani hakusema kitu.

Ikasaidia, ndiyo. Foleni ikarudi kidogo kidogo, kwa kuibia, wakinusa na kuangaliana. Lakini Shevanta mwenyewe sikumpenda alivyokuwa. Alitoa vifurushi bila kuwatazama watu usoni, mkono unatoka, mkono unarudi. Jikoni hakubishana na mtu. Nikitia chumvi nyingi hasemi, Jainabi akimtania hajibu. Miaka yote ile niliomba walau siku moja anyamaze, na sasa alipokuwa kimya nilikuwa natafuta sababu ya kumchokoza. Usiku nikamsikia anasema peke yake, "Labda nimezeeka. Labda awape tu huyo wa biskuti."

Nilikasirika nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Kabla ya Dasara, asubuhi moja, Bwana Inamdar akaja na mtu wa biskuti na kamba ya kupimia. "Napima tu," akasema, macho yako chini. "Sijaamua." Ila yule wa biskuti alikuwa ameshaanza kuuliza rangi ya dirisha itabadilishwa lini. Foleni ilikuwepo, si haba, na yule kijana mcheshi wa siku ile alikuwemo, mama yake alikuwa bado wodini.

Bhairu akaja akapita watu wote bila kuomba njia. Blanketi halikuwa begani. Mkononi alikuwa na vitambaa vyetu, vimefuliwa, vimekunjwa vizuri, akaviweka kizingitini.

"Amekwisha," akasema. "Alfajiri. Gari linangoja langoni, nimemfunika na blanketi langu."

Jainabi akaweka mkono mdomoni. Shevanta akachukua kitambaa kimoja katika vile vile, akatia mikate mingi kuliko desturi, akatia pilipili, vitunguu, akakaza fundo. Akampa. Akanitupia jicho mimi, akatazama chini.

Bhairu hakuondoka.

"Mama," akasema, "na lile neno?"

"Nimeliacha, mwanangu. Linatisha watu."

"Nani limemtisha?"

 Watu kwenye foleni wakawa wanatazama viatu vyao.

"Sitakula mpaka tuuchome mwili wake," Bhairu akasema.

"Najua. Utakula mkishamaliza."

"Basi niambie. Kule nyumbani aliyekuwa akiniambia kula alikuwa yeye."

Shevanta akanigeukia. Machozi yamemjaa, na bado ananingoja mimi, eti nimpe ruhusa! Mbishi wa Jath nzima, leo ndiyo anakuwa mtiifu!

"Si umwambie!" nikafoka. "Unaningoja mimi wa nini?"

Akatoa mikono yote miwili dirishani, akaishika ya yule mtu pamoja na kifurushi chake, na kwa ile sauti yake ya kiziwi, iliyosikika mpaka wodini, akasema, "Kula, mwanangu. Kula. Njia bado ndefu."

Hakuna aliyecheka. Bhairu akakiweka kifurushi kifuani akaenda zake langoni, na tukasikia gari linawashwa. Bwana Inamdar akawa anaviringa kamba yake mkononi, anaviringa tu. "Twende," akamwambia mtu wa biskuti. Yule akauliza na vipimo je? "Nimesema twende."

Wa pili kwenye foleni alikuwa yule kijana mcheshi. Akapewa kifurushi chake. Hakukinusa, hakukifungua, wala hakuondoka. Alisimama pale amenyoosha mkono, anasubiri, na Shevanta akanigeukia tena.

"Unanitazama nini?" nikamwambia. "Watu wana njaa, wifi. Sema!"