Orodha Iliyofungwa ya Polikarpi wa Kibingo

Polikarpi wa Kibingo alikuwa mtu wa kwanza Karagwe nzima kufunga kompyuta nyumbani kwake, tena si moja, tatu. Wa Bukoba mjini wakibisha, waje waonyeshwe matundu ukutani alikopitisha waya. Darasa la saba hakulimaliza, na hilo hakulificha. Aliliringia, kwamba wenzake waliomaliza hata kuiwasha hawakujua.

Mashine zenyewe zilikuwa mikweche. Shirika moja la misaada, lilipopunguza watu wake kambini katikati ya mwaka 1996, lilimwachia yeye aliyekuwa karani wao wa kuandikisha, pamoja na jenereta ndogo na kazi moja: kutunza orodha ya watoto waliopotezana na wazazi wakati wa kukimbia kutoka Rwanda. Watoto hao sasa walilelewa na watu wema Songambele, Ndama na hapo hapo Kibingo. Mzazi akija kuuliza, aambiwe mwanawe yuko nyumba gani.

Kazi nyepesi hiyo? Thubutu. Kambini Polikarpi alikuwa ameona wanaume wakipitisha kidole kwenye orodha ya ubaoni, wala hawakuwa wakitafuta mtoto wa kumkumbatia. Kwa hiyo akaapa kwamba orodha yake haisomwi na mtu. Mashine ya sebuleni ilikuwa ya kuuliza tu: unaandika jina la ubatizo, maana la pili wengi waliogopa kulitaja, nayo inajibu hayupo, au yupo na kwa nani. Majina yalikaa kwenye mashine mbili za ndani, moja chumbani, nyingine stoo penye magunia ya kahawa. Ya chumbani aliijaza Polikarpi, ya stoo aliijaza mkewe Eustadia, na kila mmoja alikuwa na neno lake la siri ambalo mwenzake hakulijua. Hata mmoja akikamatwa na kupigwa, asiweze kutoa yote.

Siku ya kwanza tu alichungulia begani kwa mkewe, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Evaristi, 'Frorida' ndiye nani? Dada yake Fanta?"

"Naandika alivyotamka mwenye jina. Wewe ulikuwepo kwenye ubatizo wake?"

"Mtoto anatamka kama bibi yake! Sisi huku L na R tunazichanganya kama maharage na ndizi, lakini kwenye mashine kila kitu na sahani yake."

"Basi kula kwenye sahani yako," alisema Eustadia, akageuza kioo cha mashine kikatazama magunia. Polikarpi hakuchungulia tena. Sheria ilikuwa yake mwenyewe.

Desemba wakimbizi wakaanza kurudishwa kwao. Malori yalijipanga barabarani, na mama mmoja aliyeitwa Mukantabana akashuka mbio akaingia sebuleni, mkeka ukiwa bado kichwani. Alikuwa na muda ule tu wa dereva kuongeza maji kwenye rejeta.

"Natafuta mtoto wangu. Aderigunda."

"Adelgunda," Polikarpi alimsahihisha, vidole vikiwa tayari. "Huyo ni mtakatifu, mama, ana L yake. Tusimnyang'anye."

Mukantabana akatabasamu. Alikuwa hajui kusoma, na mbele ya mtu mwenye kompyuta angebisha nini? Kioo kikajibu: HAYUPO.

Kutoka jikoni Eustadia akapaza sauti, "Baba Evaristi, jaribu na alivyosema mwenyewe!"

"Wewe angalia ndizi zako zisiungue!"

Hakujaribu. Honi ikapigwa barabarani.

"Hakuna kwingine pa kuuliza?" aliuliza Mukantabana.

Polikarpi akaipigapiga mashine mgongoni kama ng'ombe wake. "Mama, Karagwe nzima imo humu."

Mukantabana akasema asante, akaurekebisha mkeka kichwani, akaenda kupanda lori.

Siku ya nane baada ya hapo akaja Costansia, mkulima wa Songambele, kuhakikisha kama binti anayemlea ameandikwa. Alikuwa na jina kwenye kikaratasi, na safari hii Polikarpi aliliandika kama alivyoliona: Aderigunda. Mashine ikanguruma, ikauliza stoo, ikarudi. YUPO. SONGAMBELE, KWA COSTANSIA.

Eustadia alikuwa amesimama mlangoni. Akaenda kumtolea mumewe baiskeli.

Polikarpi aliipanda kumfuata yule mama, kisha akapanda lori la mahindi, akafika mpakani siku ya pili. "Mukantabana wa mkoa gani?" aliulizwa. Hakujua. Ilikuwa sheria yake pia: anayeuliza asiulizwe atokako, isije ikaandikwa ikasomwa na wabaya. "Mzee," askari akamwambia taratibu, "wamepita Mukantabana wangapi hapa wiki hii?" Aliandika barua kwa mapadre na kwa wachungaji, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa cha kuandikiwa, ishirini na mbili. Zilijibiwa tatu, zote za pole.

Mwaka uliofuata Costansia aliugua, na mtoto akahamia Kibingo kwa Polikarpi. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mpole, mwepesi wa kazi. Majirani walizoea kumwona Polikarpi, yule yule wa maneno mengi, akikaa naye kibarazani bila hata mzaha mmoja.

Siku moja walikuwa wakimenya maharage.

"Baba, ni kweli mama alifika hapa?"

"Alifika."

"Ukamwambia nimekufa?"

"Nilimwambia haumo."

"Akasemaje?"

Polikarpi akachagua mawe kwenye ungo, yakaisha, akaendelea kuchagua.

"Alisema asante."

"Basi anajua nimekufa," mtoto alisema, akavuta ganda jingine la maharage.