Chatu Aliyebaki Peke Yake

Wifi yangu hulisha nyoka katika bustani ya wanyama. Mtu akishangaa, humjibu kwamba wapo wanaume waliomtisha zaidi. Kazi alifundishwa na marehemu kaka yangu. Walipendana hapohapo, wakiosha vizimba. Mtoto hawakujaliwa. Kaka alipofariki nililia mara mbili: nilimlilia yeye, kisha nikalilia kwamba hakuacha hata wa kurithi pua yake, maana ile pua ilikuwa haijifichi.

Chatu dume wa pale bustanini naye akafa, jike akabaki peke yake. Miezi ikapita, kisha akataga. Kwao pale, mayai ya jike asiye na dume hutupwa siku hiyohiyo, na msimamizi alisema yatupwe. Wifi akaomba asubiri kidogo. Jike alikuwa ameyazungushia mwili wake wote, hali kitu. Hutoka tu kuota jua, kisha hurudi kuyapa joto.

Nilipompelekea wifi chakula cha mchana, akanivuta hadi nyuma ya kizimba.

"Njoo uone."

"Weee! Mimi na nyoka wapi na wapi?"

Jike alikuwa juani. Wifi akamulika yai moja kwa tochi. Ndani mlikuwa na mishipa myembamba, myekundu.

"Yana uhai," akasema.

"Si dume alishakufa?"

"Jike huweza kutunza mbegu za dume mwilini. Dume anaweza kufa, zenyewe zikabaki zinangoja."

Ulimi hauna mfupa. Nikacheka, nikasema, "Laiti na sisi tungepewa hiyo!"

Wifi hakucheka. Alizima tochi, akaweka mkono tumboni. "Sasa hivi ungekuwa shangazi," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tukalia pale, tumeshikana, chakula kikapoa.

Msimamizi akaoneshwa ile mishipa. Mayai yakaachwa. Yalipoanza kupasuka wifi alinipigia simu, nami nikaenda na woga wangu. Vichwa vidogo vilikuwa vinachungulia kwenye maganda, kimoja hapa, kingine kule. Wifi alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa sare.

"Haya, shangazi mtu," akaniambia. "Wasalimie."

Nikainama kwenye kioo cha kizimba, woga wote umeniisha. Nikawatazama mmoja mmoja, mjinga mimi, nikiitafuta pua ya kaka.