Santuri Si Saa ya Ukutani

Mwanangu, ipo siku moja ya Tanga ambayo kila nikiikumbuka uso wangu hupata joto. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimepata redio ya kaseti, najiona nimeshafika Ulaya. Santuri za baba nikaziona takataka. Nikachukua moja, nikaichovya kwenye maji ya moto ikalainika, nikaikunja ikawa bakuli la njugu. Ndiyo ilikuwa fasheni mtaani kwetu, nami nikafuata mkumbo.

Kumbe nimeikunja aliyoipenda kuliko zote: albamu ya kwanza ya kijana mmoja wa Kimarekani, rokenroli ya mwanzo mwanzo. Baba alikuwa fundi cherehani, Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji. Alilipokea lile bakuli, akamwaga njugu, akaanza kuimba. Aliimba nyimbo zote, upande wa kwanza hadi wa pili, maneno akiyabananga. Wimbo wa tatu ulikuwa na mkwaruzo, sindano ilizoea kuruka neno. Baba naye akaliruka. Alipomaliza akasema, "Ungeniuliza tu." Afadhali angenichapa!

Majuto ni mjukuu, nayo yangu yamekuja na mjukuu mwenyewe. Juzi hapa Woolwich, London, Neema, mjukuu wangu huyo, kaniletea zawadi: saa ya ukutani iliyotengenezwa kwa santuri. Nikavaa miwani, nikasoma karatasi ya katikati. Albamu ile ile! Wameitoboa, wameichonga pembeni mfano wa majengo ya London, wakaitia mishale. Eti pambo! Neema akaitundika ukutani jikoni.

"Babu, it's vintage," akasema. "Nobody plays these anymore."

"Hakuna anayezipiga? Nobody ndiye nani?" nikafoka. "Hao walioikata, waliisikiliza kwanza? Muziki uliomchezesha fundi wa Tanga asiyejua neno lake hata moja, leo uninginizwe jikoni unipimie mayai ya kuchemsha? Nimekasirika, Neema, wala sikufichi!"

Akanywea, akaitafuta albamu kwenye simu. Gitaa lilipoanza, mguu wake uliitika kabla mdomo haujakubali. Naye ana miaka kumi na tisa, kama mimi siku ile. Miaka yote hiyo, na bado haijachuja! Hasira hazijanitoka, nikaimba. Wimbo wa tatu simu ikatoa neno zima, mimi nikaliruka.

"Babu, you missed a word."

"Sikukosea. Ndivyo baba yangu alivyoimba."

Akaiteremsha saa mwenyewe, akaniuliza baba yangu alikuwa mtu gani. Tulikaa mpaka chai ikapoa.

Basi shika hili, mwanangu. Kitu cha mtu kikizeeka usikimbilie kukigeuza pambo. Kisikilize, kisha umuulize mwenyewe alikipendea nini, maadamu yupo wa kukujibu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi niliuliza kwa maji ya moto.

Mungu akupe masikio, akupe na miguu isiyoona haya kucheza. Na siku ukizeeka, akujaalie mtu wa kukuuliza.