Mama Germaine na Makocha Watatu wa Racing Boyoma

Mama Germaine aliletwa Kisangani na pirogi ya baba yake, mtumbwi mrefu uliojaa samaki kutoka Yanonge, akiwa bado msichana, na kilichomfanya asirudi kwao ni mpira. Jumapili moja binamu zake walimvuta hadi uwanjani. Huko akamwona Émile, beki wa kulia wa Racing Boyoma, akimpokonya mtu mpira kisha akimsaidia kuinuka kwa adabu. Mwaka uliofuata walioana. Tangu hapo, siku za kazi huuza samaki wa moshi katika soko la Tshopo, moja ya komini, yaani mitaa mikubwa, za mji, na siku za mechi hupiga ngoma ya mashabiki.

Ngoma ile haikuwa yake mwanzoni. Mpigaji wa kwanza alihamia Kinshasa, na wanaume wakabaki wakitupiana fimbo, kila mmoja akisingizia mkono. Germaine akazichukua. Wachache waliguna kuona mwanamke amekaa na ngoma katikati ya magoti, lakini Racing ilishinda siku hiyo, na katika mpira mtu aliyekuwepo siku ya ushindi haondolewi.

Huo ulikuwa wakati wa kocha Gédéon, mwanajeshi mstaafu ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Aliwakimbiza wachezaji kwenye mchanga wa mto Tshopo hadi wakatapika. Mazoezini aliwafunga mabeki wake wanne kwa kamba moja kiunoni, mmoja akisogea wote wasogee. Émile alirudi nyumbani na alama za kamba mwilini, akila lituma yake ya ndizi za kupondwa kimya kimya. Racing ilishinda bao moja kwa sifuri, wiki baada ya wiki, ikachukua kombe la mkoa na kupanda ligi ya taifa. Kwenye jukwaa watu walisinzia, na ngoma ya Germaine ilikwenda polepole kama ya matanga.

Gédéon alipozeeka, kamati ya timu ikamleta Faustin kutoka Kinshasa. Yeye alikuja mazoezini na viatu vyeupe, akatupa kamba, akasema kila mtu aende mbele. Magoli yakamwagika. Kuna mechi waliyoshinda tano kwa nne ambayo watu bado wanaisimulia kama harusi. Ismaël, fundi cherehani jirani ya Germaine, mtoto wa wazazi waliotoka Kindu, alikuwa akifunga duka tangu asubuhi ili apate nafasi ya mbele. Lakini kule nyuma mlango ulibaki wazi. Msimu wa mwisho Racing ilifungwa na kila mtu, ikashuka kutoka ligi ya taifa, na Faustin akapanda ndege bila kuaga.

Émile wakati huo alikuwa amekwisha kuacha kucheza kwa sababu ya goti. Alikaa uani na redio yake, hakutaka tena kwenda uwanjani, na kila jioni Ismaël alipita kumchokoza.

"Kochi ni mumoja tu, ule Gédéon," Émile alikuwa akisema. "Bengine bote banakuyaga kujifunza kazi."

"Papa Émile, na Gédéon tulikuwa tunalala kwenye tribune. Faustin njo alituamusha."

"Alibaamusha, kisha akabaangusha."

Germaine aliwacheka wote wawili. Yeye alikuwa amewapigia ngoma makocha wote wawili, na hakuona sababu ya kuchagua.

Baada ya kushuka, hakuna aliyetaka kuifundisha Racing. Kamati ikamchukua Madina, mwanamke, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akifundisha timu za wasichana. Mji mzima ulicheka. Germaine hakucheka, alifurahi moyoni, hadi asubuhi ile Madina aliposimama mbele ya meza yake sokoni.

"Bonjour, kochi," Germaine alimkaribisha. "Samaki ya leo iko muzuri. Chagua."

Madina alichagua, lakini hakuondoka. "Mama Germaine, nilikuya pia kwa maneno ya ngoma. Gardien wetu wa goli, Israël, anaita mabeki, habamusikie. Ninakuomba, wakati adui iko na mpira, munyamaze kidogo."

Germaine aliacha kufunga samaki. "Ninyamaze?"

"Kidogo tu."

"Mi nilipiga hii ngoma wakati wa Gédéon, nikapiga wakati wa Faustin. Hakuna mwanaume aliniambia ninyamaze. Alors ni we, mwanamuke mwenzangu, njo unakuya kuniambia?"

Madina hakupandisha sauti. "Bo habakukuambia kwa sababu habakukusikiliza. Mi ninakusikiliza."

Akachukua samaki wake, akaenda. Germaine alishinda kutwa nzima akiwajibu wateja kwa mkato.

Mechi iliyofuata aliipiga ngoma kwa nguvu kuliko siku zote. Jukwaa likawaka. Kipindi cha pili mpira mrefu ulishuka katikati ya Israël na beki wake Jérémie. Germaine, kutoka alipokaa, aliona vizuri mdomo wa Israël umefunguka wote, mikono yake ikimwonyesha mwenzake aache. Jérémie hakusikia kitu. Wakagongana, wakaanguka, na mshambuliaji wa wageni akausukuma mpira wavuni akitembea.

Fimbo zikamsimama mkononi. Watu kando yake walimtukana Jérémie. Hakuna aliyemgeukia yeye.

Nyumbani alimkuta Émile amezima redio. Alikaa karibu naye bila kuvua kitambaa cha kichwani.

"Wakati ulikuwa unacheza," aliuliza, "ulikuwa unajua namna gani mwenzako anataka nini?"

Émile aligusa kiuno chake. "Kwa mazoezi, kamba ilikuwa inanivuta. Lakini kwa mechi kamba haiko. Iko sauti tu."

Kesho yake Germaine aliifunga meza yake mapema, akaenda mazoezini. Alimkuta Madina akipanga koni za plastiki kwenye majani.

"Nionyeshe," alimwambia.

Madina alimpeleka nyuma ya goli la Israël, akamwacha hapo. Muda wote wa mazoezi Germaine alimsikia yule kijana akiongea bila kupumzika: panda, rudi, kushoto, yangu, acha. Aliona mabeki wakisogea kwa maneno yale kama wamefungwa pamoja. Mwishoni wanawake wawili wakakubaliana: Racing ikiwa na mpira, ngoma ilie kadiri inavyotaka, wageni wakiwa nao, fimbo zipande juu na jukwaa zima linyamaze.

Jukwaa halikukubali kirahisi. Ismaël ndiye aliyeongoza ubishi. "Donc sasa tutakuya kwa uwanja kama vile tunakuya kwa matanga?"

"Utapiga kelele wakati wa kupiga kelele," Germaine alimjibu. "Ukishindwa kunyamaza, kuya upige ngoma mwenyewe."

Ismaël akarudi kwenye nafasi yake ya mbele. Wiki za kwanza kulikuwa na walevi waliosahau, na mama mmoja aliyeimba peke yake hadi mwisho wa ubeti. Lakini walijifunza. Kisha wakaanza kuona raha yake. Wageni walipopata mpira, uwanja ulikuwa ukizimika ghafla, na wao wakaangalia huku na huku kama watu walioingia nyumba isiyo yao. Racing ilipoupata tena, ngoma ililipuka na vijana wakaondoka nayo mbio.

Walianza kushinda, wakaendelea kushinda. Émile alisikiliza kwenye redio jinsi mabeki walivyosimama mstari mmoja, akasema huo ni mpira wa Gédéon. Ismaël alihesabu magoli, akasema huo ni mpira wa Faustin. Walibishana hivyo msimu mzima, na hakuna aliyekuwa akicheka tena jina la Madina.

Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya timu kutoka Bunia. Mshindi angepanda ligi ya taifa. Wakitoka sare, wageni ndio wangepanda. Mchana ule Germaine alimwona Émile akishuka kwenye toleka, baiskeli ya kubeba abiria, mlangoni mwa uwanja, mkongojo mkononi, shati lake la kanisani limepigwa pasi. Alimsogezea tu nafasi.

Wageni walifunga kwanza. Eddy, mshambuliaji wa Racing, akasawazisha. Dakika zikayoyoma, moja moja, hadi wageni wakapata kona. Germaine akainua fimbo zake. Uwanja mzima, hata upande usio na jukwaa ambako watu walisimama kwenye matope, ukanyamaza.

"Yangu!"

Sauti ya Israël ilisikika hadi safu ya juu kabisa. Jérémie aliuacha mpira, na kabla kipa hajaudaka, yeye alikwisha kuanza kukimbia mbele. Israël akamrushia. Fimbo zikashuka juu ya ngoma.

Jérémie alipita katikati ya uwanja kwa upande wa kulia, mahali ambapo zamani Gédéon hakumruhusu Émile kuvuka hata kwa bahati mbaya. Alikwenda, akaenda, jukwaa likimsukuma, akapiga krosi. Eddy akaruka. Kipa wa Bunia alibaki amesimama, mikono imening'inia, mpira uko nyuma yake.

Germaine hakusikia filimbi ya mwisho. Alimwona tu Ismaël akimkumbatia Émile, na Émile akiwa wima kwa miguu yake miwili, mkongojo umeangukia huko chini.

"Ule mwanamuke," Émile alimwambia mkewe sikioni, "iko kochi."

Madina alivuka uwanja akaja hadi jukwaani, nguo zimemlowa maji waliyommwagia wachezaji. Germaine akampa fimbo za ngoma. Madina akapiga. Alipiga vibaya kabisa, bila mpangilio, huku akicheka, na watu wakacheza hivyo hivyo. Kisha msafara ukatoka barabarani kuelekea mjini, Germaine mbele na ngoma yake mikononi mwa wachezaji wawili, na kila komini waliyopita iliwatolea watu wake nje.